Namna ya Kuishi Mbeya Ikiwa Jiji Hili Halikukuingia Moyoni

Mwongozo huu ni wa watu walioletwa Mbeya na barua ya uhamisho, ndoa, masomo au biashara, wakakaa mwaka wa kwanza, wakakaa wa tano, na hadi leo wakiulizwa kama wameshazoea huona ulimi mzito. Haukusudii kumshawishi mtu alipende jiji. Wapo wengi wanaolipenda, tena kwa haki kabisa, na huwezi kuwasikia wakilalamikia baridi ya Julai wala vumbi la Septemba. Ninachoshikilia ni kimoja tu: kutolipenda jiji si kosa wala si ugonjwa, bali kinachomchosha mtu ni kuishi humo miaka nenda rudi kama abiria aliyeketi juu ya sanduku lake akisubiri basi, na hali hiyo inaweza kubadilishwa bila kumlazimisha mtu apende asichokipenda.

Kwanza, tenganisha kero zako

Kwa majuma mawili au matatu, kila unapojisikia kulichukia jiji, andika kwenye daftari ni kitu gani hasa kilichokukera wakati ule. Usiandike "Mbeya imenishinda", andika kwamba umesimama Kabwe nusu saa bila kupata usafiri, kwamba nguo ulizofua Jumamosi bado zina unyevu siku ya pili, au kwamba Jumapili nzima hukupata mtu wa kuzungumza naye. Ukishapata orodha ya kutosha utagundua kwamba kero hizo si za aina moja. Nyingine ni za jiji lenyewe, kama mwinuko na baridi yake, na hizo hazitaondoka hata ukilalamika hadi sauti ikauke. Nyingine ni za nyumba uliyopanga, ambayo inaweza kubadilishwa. Nyingine ni za kazi, na zingekufuata hata kama ungehamishiwa Tanga au Mwanza. Zilizobaki, ambazo kwa watu wengi ndizo nyingi, ni majonzi ya kuwakumbuka watu wa kwenu, na haya hayana uhusiano wowote na Mbeya isipokuwa kwamba yamekukutia hapa.

Nyumba ndiyo inayosingiziwa jiji mara nyingi zaidi. Mbeya iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika miezi ya Juni na Julai, ambayo ndiyo ya baridi kali, jua hupita upande wa kaskazini. Nyumba yenye madirisha yanayotazama kaskazini au mashariki hupata jua katika miezi ile ile unayolihitaji, lakini yenye madirisha ya kusini peke yake hubaki kama ghala la viazi. Angalia pia dari. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto lote usiku, na siwezi kumshauri mtu aliyekulia pwani aichukue hata kwa nusu ya kodi. Dalali hatakuambia mambo haya, kwa kuwa ujira wake, ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, hautegemei jua linaingilia wapi. Nenda ukaione nyumba saa mbili asubuhi, ingia kila chumba, weka kiganja ukutani, kisha ndipo mzungumze bei. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, basi mwombe akubali mitatu ya kwanza, na akikataa utakuwa walau umekwisha kuupapasa ukuta.

Baridi haihitaji ushujaa

Katikati ya jiji ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini mtu aliyetoka ufukweni hujiona kama amehamia nchi nyingine: amepoteza nyuzi kumi za joto kabla hata hajashusha mizigo. Usiku wa Juni na Julai, anga linapokuwa jeupe bila wingu la kuzuia joto lisipotee, kipimajoto kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mchana wake jua huwaka vizuri, na kwa sababu hewa ya mwinukoni ni nyepesi, jua hilo huunguza ngozi ingawa wewe unatetemeka.

Wageni wengi hukosea kwa kuichukulia baridi kama mtihani wa uvumilivu. Vaa. Nunua sweta na jaketi mwezi wa Februari au Machi, kabla mji mzima haujaanza kuzitafuta, na uende Mwanjelwa asubuhi wauzaji wa mitumba wanapofungua belo, maana zile nzuri huondoka katika saa ya kwanza. Usichague kwa rangi. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa, tazama kama mikono ina lastiki inayobana kwenye kifundo, kisha ligeuze jaketi nje ndani na upapase bitana. Likiwa jepesi kama shuka, muuzaji akuambie lolote atakalokuambia, wewe lirudishe. Blanketi zito moja ni bora kuliko mepesi matatu yanayoteleza usiku. Maji ya kuoga yapashe moto kila siku bila kuona haya, na gharama yake ya umeme au gesi uiweke kwenye bajeti ya mwezi kama unavyoweka nauli.

Katika jambo moja sina utani. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala haamki kukimbilia mlangoni. Jiko libaki uani au kwenye veranda. Kama ni lazima kupasha chumba, kipashe mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha jiko ulitoe nje kabla hujapanda kitandani.

Mwinuko huo huo huingia hadi jikoni. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ambayo kwenu yaliiva kwa saa moja na nusu huku yanakumalizia mkaa. Yaloweke usiku kucha au tumia sufuria ya presha. Nimewahi kusikia watu wakiapa kwamba maharage ya Mbeya ni magumu kwa asili, ilhali maharage hayana kosa lolote.

Jiji la barabara moja

Mbeya ilianza kama mji mwaka 1927, enzi za machimbo ya dhahabu ya Lupa, ikakaa kwenye mteremko chini ya mlima Loleza. Baadaye zikaja barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na jiji likajinyoosha kufuata bonde kutoka Uyole hadi kuelekea Mbalizi. Matokeo yake ni kwamba mamalishe wa Mwanjelwa, mwanafunzi anayekwenda Iyunga na lori la shaba linalotoka Congo kupitia Tunduma wote wanaitegemea lami ile ile. Lori moja likikwama kwenye mteremko wa Iwambi, jiji zima huchelewa. Kazi ya kuipanua barabara hiyo iwe ya njia nne ni habari njema kwa miaka ijayo, lakini ujenzi wenyewe nao una foleni yake.

Dawa yake ni kuishi upande ule ule unaofanyia kazi. Kama ofisi yako iko Uhindini au maeneo ya hospitali ya rufaa, tafuta nyumba huko juu ili usilazimike kupita Mwanjelwa na Mafiati asubuhi. Kama unafundisha Uyole, usishawishike kupanga Iyunga kwa sababu tu kodi ni nafuu, kwani nafuu hiyo utailipa kwa bajaji na kwa hasira. Aliyekwisha kupanga mbali atoke nyumbani kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kati ya Novemba na Aprili awe na gambuti mlangoni, kwa sababu udongo wa mitaa ya mteremko ukilowa huteleza vibaya, na kiatu cha ofisini kisafiri ndani ya mfuko.

Kuhusu chakula, acha kukitafuta kisichokuwepo. Nazi hufika hapa baada ya safari ndefu na bei yake inaonyesha hivyo, na samaki wa baharini ukimwona ujue amesafiri ndani ya barafu. Panga siku moja ya juma kwa chakula cha kwenu, uigharamie vizuri, au wambie ndugu zako wakutumie nazi kwa basi. Siku nyingine kula kilicho bora hapa: mchele wa Kyela, ndizi za Rungwe, viazi vya Uporoto, parachichi na maziwa. Mtu anaweza kulichukia jiji huku akila vizuri kuliko ndugu zake wote walioko pwani.

Swali la "umeshazoea?"

Utaulizwa swali hili na mwenye duka, na jirani, na mkuu wako wa kazi, na hakuna hata mmoja kati yao anayetaka hesabu kamili ya moyo wako. Wanataka kujua kama unawaheshimu. Kujibu kwamba mji huu ni mbaya ni kumtukania mtu nyumbani kwao akiwa amekukaribisha, na kujibu kwamba unaupenda mno ni uongo utakaokuchosha kuurudia. Lipo jibu la katikati ambalo halijawahi kumkera mtu: "Tunaendelea vizuri, mama, ila baridi yenu bado haijanizoea." Atacheka, atakupa dawa ya tangawizi, na mazungumzo yatahamia kwingine. Ongeza salamu za wenyeji. Mzee wa Kinyakyusa ukimwamkia kwa "ugonile" na kumshukuru kwa "ndaga", atakusaidia mambo ambayo asingefikiria kumsaidia mtu wa kupita. Kumbuka tu kwamba si kila mtu hapa ni Mnyakyusa. Wenyeji wa mahali jiji lilipo ni Wasafwa, na sokoni utawakuta pia Wakinga, Wandali, Wanyiha, Wabena na wengineo, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kujionyesha kwamba unajua.

Malalamiko yenyewe yatafutie mahali pake. Mchague mtu mmoja, ikiwezekana mgeni mwenzako, mkutane mara moja kwa juma, mseme yote, kisha mfunge. Kikao cha wageni kinachokutana kila jioni kulisema jiji huonekana kama faraja, lakini kila mmoja hurudi kwake na kero za wenzake juu ya zake. Nimeona meza za namna hiyo zikidumu miaka, na hakuna aliyewahi kuondoka pale mwepesi.

Linalofuata wengi hulikwepa, nalo naliona ndilo kubwa kuliko yote. Mtu anayejihesabu kuwa yuko njiani hajiungi na kitu chochote. Hamjui mwenyekiti wa mtaa, hahudhurii mikutano, hachangii msiba wa nyumba ya tatu kwa sababu "mwakani sitakuwepo". Mwakani anakuwepo. Kisha siku moja anafiwa yeye, au mtoto wake anaugua saa nane usiku, na ndipo anapotambua kwamba katika mtaa alioishi miaka yote hiyo hakuna mlango anaoweza kuugonga. Jiunge na kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwako katika mwezi wa kwanza, hata kama una hakika kwamba barua ya uhamisho iko njiani. Mchango wake mara nyingi ni mdogo kuliko unaotumia kwa vocha, na masharti yake ni mepesi: toa kwa wakati, fika msibani, keti na wenzako, wanawake wasaidie jikoni na wanaume wabebe viti. Nyanda za juu kusini hazihesabu urafiki kwa maneno matamu. Zinahesabu nani alifika. Ukifika mara mbili tatu, watu walewale uliokuwa ukiwaona wabaridi kama hewa yao wataanza kukuletea mahindi mabichi bila kuulizwa, na wala hutalazimika kuupenda mji ili kuyapokea.

Shuka upate joto

Watu wa pwani wanapoelemewa hukimbilia Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, wakachoka kwenda, wakachoka kurudi, na Jumatatu wakawa na hali mbaya kuliko Ijumaa. Mimi nashauri kushuka, wala si kwenda mbali. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, ikiwa na maana kwamba kati yako na ufukwe wa Matema kuna zaidi ya mita 1,200 za mteremko na nyuzi saba au nane za joto. Panda gari la Kyela asubuhi ya Jumamosi. Barabara itakupandisha kwanza kwenye ukungu wa Uporoto kiasi cha kukufanya ujute, halafu baada ya Isongole inaanza kushuka: mashamba ya viazi yanaachia migomba, migomba inaachia chai ya Tukuyu, na ukifika Kyela kwenye kakao na mpunga utakuwa umekwisha kuvua sweta. Kula mbasa, samaki wa ziwa hilo, wa kuchoma, oga ziwani, lala ndani ya chandarua kwa sababu mbu wa huko hawana masihara, rudi Jumapili. Asiye na pesa ya kulala huko anaweza kwenda upande wa Usangu, kama Igurusi au Chimala, akapata joto la mchana na kurejea jioni.

Aliyechoshwa na makelele kuliko baridi ana njia nyingine. Anaweza kupanda hadi ziwa Ngosi lililomo ndani ya kreta, akianzia karibu na Isongole, au kutazama Daraja la Mungu kule Kiwira, au kwenda Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na inayochanua maua wakati wa mvua. Mtu anayeikimbia baridi lakini asidanganywe na picha za Kitulo, maana kule ni juu zaidi ya Mbeya kwa mamia ya mita.

Weka safari hizi kwenye kalenda mapema. Safari inayopangwa siku ambayo tayari umeshakasirika hugeuka kuwa kutoroka, na mtu aliyetoroka hurudi akiwa na kinyongo.

Watoto na mipango ya kuondoka

Chunga maneno yako mbele ya watoto. Wewe ulikuja mtu mzima ukiwa na pwani yako kichwani, lakini aliyezaliwa hospitali ya Meta na kusoma Sinde hana kwao kwingine. Binti wa rafiki yangu humwambia baba yake kila Desemba kwamba wanakwenda "kwa bibi" na kisha watarudi "nyumbani", na nyumbani anakokusema ni vyumba vitatu vya Ilomba ambavyo baba yake huviita kambi. Kila unapolitukana jiji mezani, mtoto anasikia kwamba kuna kasoro mahali anapotoka, na anayo haki ya kupapenda bila kukuomba radhi. Mweleze kwamba baba hapendi baridi. Hilo ni la kweli na linatosha.

Mwisho, usiliache suala la kuondoka lielee. Kwa mtumishi wa umma, maombi ya uhamisho hupitia kwa mwajiri, na yale yenye sababu inayothibitika, kama kumfuata mwenza mwenye cheti cha ndoa au ugonjwa wenye taarifa ya daktari, yana uzito kuliko yale yanayosema tu kwamba mwombaji hajapazoea. Kubadilishana na mtumishi wa kada na ngazi yako aliyeko unakotaka kwenda ni njia ambayo wengi hufanikiwa nayo, na mtu wa kubadilishana naye hupatikana kwa kuuliza, kwa hiyo uliza. Kuna mwalimu wa Makete au wa Rungwe aliyeko Pangani akilalamikia joto wakati huu unaposoma. Aliye kwenye sekta binafsi apige hesabu ya gari la kuhamishia mizigo, ya kodi ya kuanzia, na ya mkopo anaokatwa kwenye mshahara, aone ni lini mizani itakubali.

Chagua tarehe ya kuamua, kwa mfano mwisho wa kodi unayoilipa sasa, na uipange Novemba au Desemba ili watoto wabadilishe shule kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza Januari. Hadi tarehe hiyo, usiruhusu swali la kubaki au kuondoka liamke nawe kila asubuhi. Ikifika, amua. Ukiamua kubaki kwa mwaka mwingine, nunua kitanda ulichokuwa ukikiahirisha na upande mparachichi uani kwa idhini ya mwenye nyumba. Ukiamua kuondoka na barua ikatoka, toa taarifa kwa mwenye nyumba kwa maandishi, lipa madeni ya dukani, nenda ukaage kwenye kikundi chako cha mtaani ana kwa ana, na mablanketi uyauze mapema kwa majirani. Sweta usizifungie zote kwenye buti la basi. Basi la alfajiri hupita Makambako na Mafinga kabla halijashuka mlima Kitonga, na huko kote bado ni baridi.